Albamu Ngeni Kila Siku, na Leo Nimekutana na Kinubi

Jamani, kinubi! Kile kile tunachokisoma kwenye Zaburi, leo nimekisikia kikipigwa ndani ya jazi, na tangu asubuhi sijatulia. Albamu inaitwa Journey in Satchidananda, mwenyewe ni Alice Coltrane wa Marekani, ilitoka 1971, na mimi na umri wangu huu nilikuwa sijawahi kuisikia hata kidogo. Ndiyo raha ya mchezo niliouanza juzijuzi: kila siku albamu moja nisiyoijua, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, hakuna kuruka.

Ngoja niwaambie ilivyo. Tambura ya Kihindi inavuma bila kupumua. Juu yake besi ya Cecil McBee inapiga mstari mmoja mfupi, mzito, inaurudia, inaurudia tena. Unadhani ndiyo hivyo tu. Halafu kinubi kinamwagika! Hakiji kwa noti moja moja, kinakuja kwa mafungu, kinapanda, kinashuka, na kabla hujajua ushike wapi, Pharoah Sanders ameshaingia na saksafoni ya soprano, taratibu, kwa adabu zote. Huyu ni Sanders yule anayesifika kwa kuipigisha saksafoni mayowe. Hapa amelainika kabisa. Wimbo haujafika dakika saba na mimi tayari nataka kumpigia simu kila mtu ninayemjua.

Nyimbo nne kati ya tano zilirekodiwa Novemba 1970 nyumbani kwa Alice, huko Dix Hills, nje ya jiji la New York. Mumewe, John Coltrane, bingwa wa saksafoni, alifariki Julai 1967 na kumwachia watoto wanne. Inasimuliwa kwamba kinubi chenyewe aliyekiagiza ni John, kikafika yeye hayupo tena. Sasa ukilijua hilo, halafu ukafika wimbo wa nne, Something About John Coltrane, na ukasikia mjane ameweka kinubi pembeni akakaa kwenye piano, utajikuta unaongeza sauti bila kuambiwa. Nilitegemea maombolezo. Nikapata watu wanaocheza na muziki kwa dakika karibu kumi, huku Rashied Ali akizitawanya ngoma zake kila upande.

Lakini subirini wa tano! Isis and Osiris, uliorekodiwa mbele ya watu kwenye ukumbi wa Village Gate, New York, tarehe 4 Julai 1970. Besi ameshika Charlie Haden, na pembeni yake kuna Vishnu Wood na... udi! Mtu aliyelelewa na taarabu hahitaji kuambiwa. Mguso wa kwanza tu wa nyuzi zile nikajua. Masikio yangu yalishazoea kuukuta udi katikati ya ganuni na fidla, kwenye vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club, ukiwa unamsubiri mwimbaji. Huku hakuna mwimbaji. Kuna udi, kinubi na ngoma zisizotaka kukaa kwenye mstari, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Karibu dakika 12, na zilipoisha nikairudisha mwanzo.

Dosari? Ipo. Stopover Bombay haifiki hata dakika tatu, inazimwa pale pale unapoanza kunogewa. Basi, nimemaliza lawama.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwashika mashati wanaosema programu ya muziki kwenye simu inawatosha. Simu yangu inanijua kupita kiasi. Ukiipa Mbaraka Mwinshehe itakuletea Marijani Rajabu, kisha itakurudisha kwa Mbaraka, na mtazungushana hivyo hivyo mpaka chaji iishe. Sikatai, nyimbo ni tamu. Ila hakuna siku imenipa kitu ambacho sikujua kwamba ninakitaka. Ingenijuaje kuwa ni mtu wa kinubi wakati mwenyewe nilikuwa sijui?

Kuna pia suala la mpangilio. Chukua Buena Vista Social Club, ile ya 1997. Kama watu wengi, nilikuwa naijua Chan Chan peke yake. Kumbe huo ndio wa kwanza tu! Mzigo wote ulirekodiwa Havana Machi 1996, kwenye studio za EGREM. Mpango wa awali ulikuwa kuwakutanisha Wakuba na wanamuziki kutoka Mali; Wamali hawakufika, wakakusanywa wazee wa mjini. Mpiga piano Rubén González alikuwa na miaka 76! Msikilizeni vidole vyake, kisha mniambie kama huyo ni mzee. Na sisi tuliokua na Franco na Tabu Ley tunaielewa lugha ile bila mkalimani, maana santuri za Kikuba zilishatia mguu Kongo miaka mingi kabla, na rumba ya Kongo ikatufikia sisi. Ukisikiliza Chan Chan peke yake hayo yote yanakupita.

Na msidhani kila siku ni sikukuu. Kuna siku niliangukia Metal Machine Music ya Lou Reed, ya 1975. Santuri mbili, zaidi ya saa nzima, magitaa yanalialia mbele ya spika zao wenyewe. Hakuna wimbo. Hakuna mdundo. Jirani aligonga ukuta. Niliimaliza, kwa sababu sheria ni sheria, na naipa alama moja ya ujasiri. Ya pili nampa jirani.

Mnaotaka kuanza, msijitishe. Hii ya Alice ni dakika 37 hivi, foleni moja tu ya jioni inatosha na chenji inabaki. Tumieni hedifoni, kwa sababu spika ya simu inaila besi yote, na bila besi ya McBee albamu hii mmeikosa. Ipakueni usiku penye waifai, msije mkakatiwa katikati ya Isis and Osiris. Na tafadhali, msisome maelezo yake kwanza (najua, mimi nimeshawaharibia udi, mnisamehe).

Kesho ni zamu ya Clube da Esquina, ya Milton Nascimento na Lô Borges, Brazil, 1972. Nyimbo 21! Kireno sikijui hata neno. Bando nimeshanunua.