Nimeona Otieno au nimemwona Otieno?

AGHALABU katika matatu zitokazo katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Kangemi na Kawangware utasikia: "Si nimeona Otieno hapo steji!" Darasani, mwalimu angesahihisha mara moja: "Sema nimemwona." Yuko sahihi, ila sababu haielezwi. Mwanafunzi hupoteza alama, basi.

Tukubaliane kwamba kiambishi cha mtendwa kina kazi. Kwa watu, Kiswahili sanifu hukihitaji: nimemwona Otieno. Kwa vitu, huonyesha kama kinachotajwa kinajulikana. "Niliona kitabu" ni kitabu chochote. "Nilikiona kitabu" ni kile tunachokijua mimi na wewe.

Kimasedonia, lugha ya Balkani iliyosanifishwa mwaka wa 1945, hakina undugu na Kiswahili. Hata hivyo, "vidov kniga" ni "niliona kitabu", na "ja vidov knigata" ni "nilikiona kitabu". Kiishio "-ta" huonyesha kuwa kitabu kinajulikana, na neno "ja" hukirejelea, mfano wa "ki" yetu. Katika lugha sanifu, "ja" hiyo haiachwi.

Wengi huilaumu Sheng kwa kudondosha kiambishi hiki. Mimi nailaumu zaidi kalamu nyekundu isiyoeleza. Mwalimu amuulize mtoto: "Uliona kitabu kipi?" Akijibu "kile cha jana", hapo aonyeshwe "ki" inapoingia. Sheria yenye maana haisahauliki upesi.