Hofu na Ufundi Wake katika Filamu Fupi

Wahakiki wetu wamezoea kuizungumzia taharuki kana kwamba ni mali ya riwaya na tamthilia peke yake. Mwanafunzi hufundishwa kuitafuta kitabuni, akaitaja katika mtihani, kisha akaisahau. Lakini mwanafunzi huyo huyo, akitoka shuleni, huitazama filamu ya kutisha ya dakika tatu katika simu ya kaka yake, na usiku ule hathubutu kutoka nje peke yake. Yafaa basi tujiulize: ni kitu gani kilichofanya kazi hiyo kwa muda mfupi kiasi hicho? Katika makala haya tutaichunguza filamu moja fupi, kisha tutaeleza jambo lililotupata sisi na wanafunzi wetu hapa Masese, kandokando ya ziwa, mjini Jinja.

Filamu fupi ya kutisha si kitu kipya. Mwaka 1896 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza Le Manoir du diable, filamu ya dakika tatu hivi, ambamo popo anageuka shetani mbele ya macho ya mtazamaji. Hila yake ilikuwa nyepesi: kamera ilisimamishwa, popo akaondolewa, mwigizaji akasimama mahali pake, kamera ikaendelea. Leo hila hiyo huchekesha, na sababu yake ni kwamba kila kitu kimeonyeshwa. Mtazamaji hustaajabu, lakini haachiwi nafasi ya kuogopa.

Hebu sasa tuitazame Lights Out, iliyotengenezwa mwaka 2013 na David F. Sandberg wa Uswidi, nyumbani kwake mwenyewe, mwigizaji akiwa mkewe, Lotta Losten. Haifiki dakika tatu, na hakuna mazungumzo. Mwanamke anataka kulala. Anazima taa ya ukumbini, na gizani anaona umbo la mtu limesimama. Anawasha: hakuna mtu. Anazima: umbo lipo. Anarudia tena na tena, hadi umbo linapotokea karibu naye kabisa. Anaibana swichi kwa utepe wa gundi ili taa isizimike, anakimbilia kitandani, anajifunika. Nyayo zinasikika. Taa ya kando ya kitanda inayumbayumba. Ananyosha mkono, anaikaza plagi, mwanga unatulia. Anapumua. Ndipo anapogeuka na kumwona aliyesimama karibu na taa ile, naye anaizima.

Ufundi wa filamu hii una nguzo tatu. Ya kwanza ni mpangilio wa giza na mwanga. Tangu utotoni tumeamini kwamba taa ni kinga. Filamu inaikubali imani hiyo, inaifanya kuwa kanuni yake, kisha mwishoni inaivunja. Nguzo ya pili ni marudio. Kila mara taa inapozimwa mtazamaji anajua atakachokiona, ila hajui kitakuwa wapi. Hofu yake imo katika kungoja. Nguzo ya tatu ni sauti. Kwa kuwa hakuna anayesema, sikio halina pa kujishikiza. Mlio wa swichi peke yake unakuwa mkubwa kama mlango unaobamizwa.

Nguzo hii ya tatu tuliipima darasani. Tuliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili filamu hiyo kwa kompyuta, madirisha yakiwa yamefungwa. Wengine walifumba macho. Siku ya pili, kundi jingine lililokuwa halijaiona liliitazama bila sauti. Hao walicheka, na mmoja akauliza kwa nini mama yule halali. Picha zilikuwa zile zile.

Jambo hili laweza pia kuthibitishwa katika vibanda vya sinema vya Uganda. Humo hukaa mfasiri, maarufu kwa jina la viijei, ambaye husimulia filamu za kigeni kwa Kiganda huku zikiendelea. Ni msanii kwa haki yake, na filamu ya mapigano huinoga midomoni mwake. Lakini mpe filamu ya kutisha uone: pale mwongozaji alipoweka kimya, yeye huweka mzaha, na hofu yote huyeyuka. Sisi walimu tusimcheke, kwani nasi tunaposoma hadithi darasani mara nyingi hukimbilia kueleza msamiati pale pale msimulizi alipotaka wasikilizaji wanyamaze.

Baada ya mazoezi hayo tuliwaagiza wanafunzi watunge filamu yao ya dakika mbili, waipige kwa simu. Kundi moja lilileta hadithi ya familia iliyoketi gizani, umeme umekatika, dagaa wa mchana wangali wameanikwa nje. Wanazungumza Kisoga kwa minong'ono. Mara mlango unagongwa, na sauti nzito inasema kwa Kiswahili: "Fungua mlango!" Filamu inakatika hapo.

Tuliwauliza kwa nini mgongaji peke yake ndiye anayesema Kiswahili. Kijana mmoja alijibu bila kusita: "Mwalimu, Kiswahili kinatisha zaidi. Hata bibi yangu akikisikia hushtuka."

Tulinyamaza. Jibu lile lilituuma, maana tumetumia miaka mingi kuwashawishi wazazi kwamba lugha hii ni ya elimu na ya udugu. Lakini kwa upande wa ufundi kijana alikuwa amesema kweli, tena kuliko alivyojua. Katika Jaws ya mwaka 1975, John Williams alilifundisha sikio la mtazamaji kuziogopa noti mbili za muziki kabla papa hajaonekana. Katika Uganda sikio la wazee lilifundishwa na historia. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni; Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katika miaka yake ya utawala, 1971 hadi 1979, wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani na milangoni usiku. Jinja ni mji wa kambi ya jeshi, na bibi yule hakuhitaji muziki.

Hata hivyo, historia hiyo hiyo ina picha ya pili. Aprili 1979 askari wa Tanzania waliofika Jinja walisema Kiswahili, na watu wakawaita wakombozi. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri hizo ni njema, ila haziwezi kumwondolea bibi mshtuko wake.

Hatukuwakataza wanafunzi kitu. Tuliwauliza swali moja tu: je, Mswahili akija nyumbani kwa mtu, husema nini? Walirudi baada ya wiki moja na filamu iliyorekebishwa. Giza ni lile lile. Sasa sauti ya nje ni ya upole: "Hodi." Familia inatazamana. Kimya. "Hodi." Mama anaishika mikono ya watoto. "Hodi." Kwa desturi, mgeni aliyebisha hodi mara tatu bila kuitikiwa hurudi alikotoka. Nyayo zinaondoka, watoto wanapumua. Kisha hodi ya nne inasikika, nayo inatoka ndani ya nyumba.

Darasa zima lilipiga kelele, nasi tukiwamo. Filamu ya kwanza iliazima hofu iliyotengenezwa na bunduki. Ya pili imeijenga hofu yake kwa adabu ya lugha yenyewe, na asiyeijua desturi ya hodi hawezi kuielewa. Kijana yule aliomba ruhusa ampelekee bibi yake filamu hiyo katika simu. Alituambia kwamba bibi aliitazama hadi mwisho, akashtuka, akacheka, kisha akamsahihisha mwigizaji: aliyebisha hodi kwa upole hivyo alistahili kuitikiwa "karibu" tangu mara ya kwanza.