Uzito, Ukubwa na Lumbesa: Tahakiki ya Visawe vya Msamiati wa Kiingereza

Mwanafunzi wa tafsiri akipewa maneno ya Kiingereza 'heavy', 'bulky', 'massive' na 'ponderous', aghalabu huyarejesha yote kwenye vivumishi viwili: -zito na -kubwa. Hapo ndipo hudaiwa kwamba Kiswahili kina uhaba wa msamiati katika uwanja huu. Tahakiki hii inalipinga dai hilo. Tofauti zinazotafutwa zipo, ila Kiswahili huzihifadhi zaidi katika nomino na vitenzi kuliko katika vivumishi.

Ushahidi ulio wazi upo Kagongwa, mji wa biashara ya mpunga na mchele wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Neno lumbesa, linalofahamika kote nchini Tanzania, hutaja gunia lililojazwa kupita ukingo wake hata likahitaji kuongezewa kipande juu ndipo lishonwe. Si kila gunia zito ni lumbesa, wala ukubwa peke yake hautoshi. Lumbesa huhesabiwa kuwa gunia moja ilhali limebeba zaidi ya moja. Pale ambapo mkulima hulipwa kwa idadi ya magunia na mnunuzi wake akaenda kuuza kwa kilo, ziada ile haina mwenyewe isipokuwa mnunuzi. Nomino hii imebeba ujazo, uzito na dhuluma iliyojificha kati ya vipimo hivyo viwili. Na Wakala wa Vipimo, unapoipiga vita desturi hiyo, hutumia neno hilohilo la sokoni. 'Bulky' haifiki hapo. Asili yake ni neno la Kinorse cha kale lililomaanisha shehena ya chombo, lakini kwa msemaji wa leo shehena imesahaulika, umebaki ukubwa unaosumbua.

Kwa upande wa vitenzi, 'heavy' lina nasaba na 'heave', yaani kuinua: uzito hutazamwa na anayeinua. Kiswahili kina kulemea, ambapo mzigo ndio mtenda na mchukuzi ndiye mtendwa. Mtafsiri anayeandika "mzigo ulikuwa mzito sana" mahali palipostahili "mzigo ulimlemea" amemwondoa mtu chini ya gunia.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika maana za sitiari. Hotuba inayoelezwa kuwa 'ponderous' imelaumiwa: inajikokota na kuchosha. Hotuba nzito, kwa Kiswahili, imesifiwa, ina hoja. Kisawe cha moja kwa moja hapa hugeuza lawama kuwa sifa, na msomaji wa tafsiri hana njia ya kugundua. (Uji mzito nao ni suala la umajimaji, si la mizani, ingawa hakuna mpishi aliyewahi kutatizika.)

Kaskazini-magharibi mwa Kagongwa, katika machimbo ya Geita, tatizo hugeuka: kitu kidogo mno chenye uzito mwingi. Dhahabu huuzwa duniani kwa wakia, kipimo cha takriban gramu 31.1, na neno hilo, lililotufikia kupitia Kiarabu, lina asili moja na 'ounce' katika Kilatini. 'Massive' haiwezi kuisifia punje ya dhahabu kwa msemaji wa kawaida wa Kiingereza, kwa kuwa inadai ukubwa wa kuonekana. -zito halidai. Mchimbaji aliyeweka punje kiganjani anaweza kusema ni nzito bila kuhitaji kivumishi kingine.