Luther, Esopo na Kofia Nyekundu ya Punda

Wanafunzi wetu wanapofanya mahubiri ya majaribio, hazipiti wiki mbili pasipo mmoja wao kupanda mimbarini na sungura. Wakati mwingine huja na fisi aliyeshindwa na njia mbili, au na mbwa aliyepoteza nyama yake mtoni kwa kukitamani kivuli chake. Wasikilizaji huchangamka, watoto hucheka, kisha mhubiri hufunga kwa maneno yale yale: "Hadithi hii yatufundisha kwamba..." Nami nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Makala hii yakusudia kuipima desturi hiyo kwa kutazama kazi moja ya Martin Luther isiyotajwa sana vyuoni mwetu, yaani tafsiri yake ya ngano za Esopo.

Mwezi wa Aprili 1530 wakuu wa Ujerumani walikuwa wakielekea Augsburg, ambako Ungamo letu lilisomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni. Luther hakuweza kufika huko, kwa kuwa tangu 1521 alikuwa chini ya marufuku ya dola. Akaachwa katika ngome ya Coburg. Toka huko alimwandikia Melanchthon kwamba mahali pale angejenga vibanda vitatu: kimoja cha Zaburi, kimoja cha Manabii, na kimoja cha Esopo. Mtu aweza kudhani kuwa ni utani. Lakini kazi aliianza kweli. Mkononi alikuwa na mkusanyo wa Heinrich Steinhöwel, uliochapishwa Ulm katika karne iliyotangulia, ambao ndani yake visa vya aibu vilikuwa vimechanganywa na ngano. Alitaka kuusafisha, ili baba mwenye nyumba aweze kuusoma mezani pamoja na mkewe, watoto na watumishi. Alimaliza ngano 13 tu, nazo zilichapishwa 1557, miaka 11 baada ya kufa kwake.

Utangulizi aliouandika ndio wenye uzito kuliko yote. Luther ana shaka kama Esopo aliwahi kuishi. Kwake ngano hizi ni mavuno ya wenye hekima wengi wa vizazi vingi. Na sababu ya kuwapa wanyama sauti ni hii: ukweli huchukiwa, hasa na wakubwa, kwa hiyo huvikwa vazi la mpumbavu au la mnyama, ili asiyetaka kuusikia kinywani mwa mtu ausikie kinywani mwa mbwa mwitu. Phaedrus, mtumwa aliyeachwa huru huko Roma katika karne ya kwanza, alikwisha kusema jambo lililo karibu na hilo: mtumwa asiyethubutu kunena wazi aliyaficha ya moyoni mwake ndani ya ngano. Naye Herodotus humtaja Esopo kuwa mtumwa katika kisiwa cha Samos. Basi, kabla ngano haijawa somo la watoto, ilikuwa lugha ya aliye chini akisema juu ya aliye juu. Maandiko yanashuhudia vivyo hivyo. Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akasimulia habari za miti iliyotafuta mfalme, kisha akakimbia kwa kumwogopa Abimeleki nduguye (Waamuzi 9:7-21). Mtu hakimbii baada ya kusimulia hadithi ya kulaza watoto.

Katika zile 13, iliyo bora kwa maoni yangu ni ngano ya simba, mbweha na punda. Watatu wamewinda pamoja. Simba amwagiza punda agawe nyama, naye punda, kwa haki, afanya mafungu matatu yaliyo sawa. Simba akasirika, amrarua ngozi ya kichwa hata damu yamtiririka usoni. Kisha amwagiza mbweha. Mbweha akusanya mafungu yote na kumsogezea simba. Simba acheka na kumwuliza ni nani aliyemfundisha kugawa vizuri namna hiyo. Mbweha amwonyesha punda: mwalimu wake ni daktari yule mwenye kofia nyekundu. Luther, aliyekuwa daktari wa theolojia, alijua vema kofia hiyo ilimaanisha nini katika vyuo vikuu vya siku zake. Msomaji acheka, halafu kicheko chamkwama kooni.

Tukiuliza ngano hii yafundisha adili gani, twapata shida. Luther aambatisha mafunzo mawili: kwamba wakubwa hutaka faida iwe yao, na kwamba mwenye akili hujifunza kwa hasara ya mwenzake. Yote mawili ni kweli, lakini hakuna hata moja lililo amri ya Mungu. Punda ndiye aliyetenda haki, naye ndiye aliyechunwa. Mbweha aliyejipendekeza ndiye aliyesalimika. Mhubiri akisema mimbarini, "Basi tuige busara ya mbweha," amefundisha unafiki. Akisema, "Tuige haki ya punda," amesema vema, lakini ngano yenyewe haimuungi mkono. Hapo ndipo mkia wa "yatufundisha kwamba" unapotudanganya, kwani hugeuza taarifa ya jinsi dunia ilivyo kuwa kanuni ya jinsi mtu apasavyo kuishi.

Katika ngano ya mbwa mwitu na mwana-kondoo jambo hili ni zito zaidi. Luther asema wazi kwamba huo ndio mwendo wa dunia: apendaye kuwa mwema hana budi kuteswa, na nguvu hutangulia mbele ya haki. Napenda ukali huo. Katika Heidelberg, 1518, alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake, naye hapa amwita mbwa mwitu mbwa mwitu. Hata hivyo hatuna budi kukumbuka kwamba miaka mitano kabla ya Coburg, mwaka 1525, mkono huo huo uliandika maneno ya kutisha dhidi ya wakulima walioasi. Simsingizii kwamba aliandika ngano akiwafikiri wao. Nasema tu kwamba neno "mwendo wa dunia" likitoka kinywani mwa anayekaa salama ngomeni, aliyepo mtoni aweza kulisikia kama hukumu.

Nililisikia hivyo mwenyewe. Katika usharika niliotumikia zamani, mjane mmoja alikuwa akinyang'anywa shamba na mtu mwenye nguvu. Jumapili moja nilisimulia ngano hiyo, nikaifunga kwa funzo la uvumilivu. Baada ya ibada yule bibi alinisubiri mlangoni. "Baba Mchungaji," akasema, "mbwa mwitu tunamjua. Sasa mwana-kondoo afanye nini?" Sikuwa na jibu.

Wazee wetu wa pwani walikuwa werevu zaidi katika hili. Katika kisa cha punda wa dobi, ambacho Edward Steere alikichapisha 1870 miongoni mwa hadithi za Unguja, kima anasimulia habari za punda akiwa amekwisha kurudi juu ya mti wake, na msikilizaji wake ni papa aliyetaka kumtoa moyo. Ngano yenyewe ndiyo jibu lake la kukataa kushuka. Haihitaji mkia, kwa kuwa tunajua nani anasema, na nani anaambiwa.

Kwa hiyo nadhani kosa letu si kuileta ngano mimbarini. Kosa ni kukitenga kibanda cha Esopo na vile viwili vingine. Ngano ni ya upande wa sheria na wa hekima ya dunia hii. Humwonyesha mwana-kondoo meno yaliyo mbele yake, wala haina Injili ya kumpa. Katika majira yale yale ya Coburg Luther aliandika ufafanuzi wa Zaburi ya 118, aliyoipenda kuliko zote, ambamo mtunga zaburi akataa kuwatumainia wakuu na kumkimbilia Bwana.

Zaburi hiyo nilimpelekea bibi yule juma lililofuata. Aliisikiliza hadi mwisho, akaitikia amina, kisha akaniuliza kama ningekwenda naye barazani siku ya shauri lake. Tulikwenda Alhamisi, kwa miguu.