Kulia na Kushuka

Juzi mpwa wangu, mtoto wa darasa la sita, aliniletea karatasi ya kazi ya nyumbani nimsaidie. Fumbo la maneno: miraba safi, imechapwa vizuri, hakuna mstari uliopinda. Namba tano kulia iliuliza, "Mnyama wa kufugwa mwenye pembe na ndevu (5)." Mbuzi. Namba sita kushuka, "Kinywaji cha moto cha asubuhi (4)." Chai. Robo saa haikufika, akakunja karatasi atoke mbio kwenda kucheza. Nikamwita, nikamuuliza nani kalitunga. "Halikutungwa, mjomba," alinijibu, kwa ule upole ambao watoto huwawekea watu wazima waliopitwa na mambo. "Ni programu. Mwalimu anaiandikia maneno, inapanga yenyewe."

Halikutungwa. Nililala na neno hilo.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na kwenye baraza moja ya kahawa nilimjua mtu aliyekuwa akitunga. Watu walimwita Karani. Kazi yake ya zamani ilikuwa bandarini, enzi za mkonge, kuhesabu marobota yanayopakiwa. Alipostaafu alitoka na mambo mawili: mwandiko wa herufi kubwa zilizosimama kama askari wa gwaride, na bunda nene la karatasi za kaboni ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza kalipata wapi.

Kila Alhamisi baada ya Alasiri alifika na karatasi sita zilizochanwa kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Alikuwa amezipanga moja juu ya nyingine, kaboni katikati, akaandika mara moja tu kwa kalamu ya wino, akikandamiza mpaka meza ikaona. Ndiyo maana ugawaji ulikuwa na utaratibu wake. Nakala ya juu, yenye wino wenyewe, alipewa seremala mmoja mzee aliyekuwa na mtoto wa jicho. Ya pili, muuza kahawa, kwa kuwa aliisoma akiwa kazini, dele mkono mmoja. Ya tatu nahodha mstaafu, ya nne mwalimu wa madrasa, ya tano mtu mmoja wa Mombasa aliyeoa kwetu akalowea. Ya sita ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na macho ya mwewe, na hiyo ndiyo sifa pekee iliyoniingiza katika kundi la wazee wale. Herufi za nakala ya sita zilikuwa kama moshi. Niliipeleka dirishani, nikaiinamisha huku na huku. Mara nyingi nilikuwa na mafumbo mawili, kwanza kujua kimeandikwa nini, *tua* au *fua*, ndipo nianze kutafuta jibu.

Miraba aliiita vyumba. Ile iliyozibwa aliiita kuta, na aliipiga mistari ya mshazari kwa rula badala ya kuipaka wino wote, kwa ajili ya kubana matumizi. Vidokezo aliviita mitego, kwa maana kitendawili hutegwa. Kabla ya kuweka namba aligeuza karatasi juu chini, akaitazama kwa mbali kama mtu anayekagua mlango wa nakshi. Kuta zilipaswa kukaa palepale hata fumbo likisimama kichwa chini. Isipokuwa hivyo, alichana akaanza upya.

Wazungu wanayo tarehe ya mwanzo wa mchezo huu. Tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World lilichapa fumbo la Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Lilikuwa na umbo la almasi, na katikati tundu. Gazeti la The Times la London lilijivutavuta hadi 1930 ndipo likaanza kuchapa lake. Mwaka uleule wa 1930, huku kwetu, Kamati ya Lugha ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja. Mambo hayo mawili hayakujuana, lakini Karani alipenda kuyataja kwa pamoja, na nadhani alikuwa na hoja. Maneno hayawezi kupitana kwenye chumba kimoja kama watu hawajakubaliana jinsi ya kuyaandika.

Na hata baada ya makubaliano, ugomvi haukwisha. Mwalimu wa madrasa alishikilia kwamba *ch* ikae chumba kimoja. Sauti ni moja, alisema, na wazee wetu walipoandika kwa herufi za Kiarabu herufi moja iliwatosha. Nani katuamuru tuipe vyumba viwili kama mtu mwenye wake wawili? Karani alikataa, na kukataa kwake kulimgharimu. Kwa kuwa katika Kiswahili C haitembei bila H, kila C inayokutanisha maneno mawili inadai H kulia kwake na H nyingine chini yake. *Chai* ikienda kulia na *cheo* ikishuka kutoka chumba kilekile, kona nzima imeshafungwa pingu. Nilimwona akikaa na kona kama hiyo siku mbili. Kuhusu *ng'ombe* waliafikiana: ritifaa ingening'inia kwenye mstari baina ya vyumba, haimsumbui mtu.

Lugha yenyewe inamkwamisha mtunzi kwa namna ambayo anayejaza tu hawezi kuijua. Maneno yetu hupenda kupokezana, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, na yale ya asili yote huishia kwa irabu. Jaribu kuyasuka bila ukuta hata mmoja. Neno la kwanza *bata*, sawa. Mstari wa pili utaanza na irabu ya neno linaloshuka kutoka B, *bure* tuseme, kwa hiyo U. Kisha konsonanti, kisha irabu, kisha konsonanti, na hapo umefika mwisho wa mstari na neno lako limekatika mdomo wazi. Ni kama ubao wa drafti, huwezi kuwa na weupe mtupu pembeni. Lazima ujenge kuta, na mahali pa kuujenga ukuta ndipo panapomtofautisha fundi na mwanagenzi. Fumbo pekee lisilo na ukuta nililowahi kumwona akiliandika lilikuwa la vyumba vinne: UA juu, AU chini. Lisome kulia, lisome kushuka, ni yaleyale. Aliliweka pembeni mwa kila karatasi badala ya sahihi. Ukimuuliza hilo ni ua gani, la bustani, la uani au la kisu, alicheka tu.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye mitego. Tazama alivyomfumba huyohuyo mbuzi wa mpwa wangu: "Malishoni hukimbia, jikoni hukaliwa (5)." Ukijua nyumba ambamo nazi inakunwa, unaona kigoda chenye ulimi wa chuma, na mama ameketi juu yake. Usipoijua, utazunguka mpaka Ijumaa. Kilichonichukua miaka kukiona ni ile *hu-*. Ngeli za Kiswahili hazina siri. Mtunzi akiandika "anakimbia", ameshatuambia ni kiumbe. Akiandika "kinakaliwa", karibu ametupa herufi ya kwanza bure. Karani alichagua kitenzi kinachomfaa mnyama na kifaa kwa pamoja bila kumsaliti yeyote. Siku nilipomwambia nimeing'amua, alinitazama juu ya miwani.

"*Hu-* haina kabila, mwanangu," alisema. "Itumie unapotaka kuficha."

Kila fumbo lilikuwa na mtego wa mtu mmoja mmoja, na kila mtu aliujua wake alipoufikia. "Pika kwa kinyume, tanga lipande (4)" ulikuwa wa nahodha. Kinyume ni ule usemi wa utotoni wa kupindua silabi, na *pika* ikipinduliwa ni *kapi*, lile gurudumu linalopitisha kamba ya kupandishia tanga. Sisi wengine tulihangaika na Tanga mji. Nahodha aliweka kikombe chini, akacheka peke yake, akakataa kusema. "Mmvita akikuita, usibebe maji (4)" ulikuwa wa mtu wa Mombasa. Kwao *njoo* ni *ndoo*, na siku ya kwanza alipomwita mkewe hivyo, bibi harusi alimletea ndoo. Kisa hicho barabara nzima ilikijua. Ukikitoa kwenye baraza ile, mtego unabaki maneno tu.

Ndiyo maana simlaumu mwalimu wa mpwa wangu kupita kiasi. Ana watoto themanini darasani na mashine inampa karatasi kabla chai haijapoa. Mashine nayo haina kosa. Haimjui mpwa wangu. Haijui kwamba anaogopa bata, kwamba bibi yake anamwita jina jingine, kwamba juzi kavunja dirisha la jirani. Ila mwalimu anayajua hayo, au angeweza kuyajua, na nusu saa ya kalamu ingetosha kumtegea mtoto mtego mmoja wa kwake. Sisi watu wa mafumbo na vitendawili, tulioweza kusutana kwa kanga bila kufungua mdomo, sasa tunaulizana kinywaji cha moto cha asubuhi.

Lakini nilikuwa nazungumzia nakala.

Seremala alitangulia. Alhamisi iliyofuata Karani alileta tano, na bila mtu kusema lolote kila mmoja akapanda ngazi: muuza kahawa akapokea ya wino, mimi nikapokea ya tano. Nilifurahi, naona haya kulisema. Herufi zilikuwa zimekolea. Kisha mwalimu wa madrasa, na Karani kwa wiki kadhaa aliipa *ch* chumba kimoja bila kutoa maelezo. Kisha yule wa Mombasa akarudi kwao kwa wanawe. Mimi nilikuwa nimeshahamia Dar es Salaam kikazi, nikawa nakuja kwa likizo, na kila nikija nilikuta karatasi zangu zimewekwa kwa mpangilio ndani ya bahasha ya kaki, kila ya karibuni ikiwa nyeusi kuliko iliyoitangulia. Muuza kahawa. Nahodha.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani. Aliniagiza daftari juu ya kabati, nikalifungua. Fumbo lilikuwa moja, na chini yake hapakuwa na kaboni. Kuta zilipinda kidogo, na pembeni UA na AU zilikuwa zimeandikwa kwa mkono uliotetemeka. Nililisoma nikiwa nimekaa palepale, chumba nusu giza, bila haja ya kwenda dirishani.