Okonkwo Alianguka, Umuofia Ilifumuka

Nina ugomvi mdogo na jalada la kitabu. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ilitoka mwaka 1958. Mwaka 1973 East African Publishing House ya Nairobi ikaitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Clement Ndulute, kwa jina la Shujaa Okonkwo. Jina linavuta, sikatai. Ila lile "fall apart" limekwenda wapi?

Najua kazi ilikuwa ngumu. "Fall" peke yake ni kuanguka. Lakini andika "Vitu Vinaanguka Mbalimbali" uone utakavyochekwa mpaka stendi! Mwingereza akibandika kineno nyuma ya kitenzi, maana inahama. Hapa hakuna kinachodondoka chini. Kitu kinaachana chenyewe, kipande na kipande.

Sisi kazi hiyo tunaifanya kwenye mkia wa kitenzi. Vunja, vunjika. Fuma, fumua, fumuka. Na kila neno lina kitu chake. Chungu cha Wakisi kinachouzwa Matema kikikuponyoka, kinavunjika mara moja, basi. Mkeka wa ukindu hauko hivyo. Unaanza kuachia pembeni, unapuuza, mwishowe wote unafumuka. Kusambaratika nako ni mwisho wa safari, vipande vimeshatawanyika.

Sasa itazame Umuofia. Wanaochomoka mapema kufuata dini mpya ni watu wasiohesabiwa, pamoja na Nwoye, mwana wa Okonkwo mwenyewe. Baadaye hata mwenye vyeo anakata bangili ya heshima mguuni na kuwafuata. Jamani, huo ni mkeka, si chungu! Ndiyo maana Obierika anapokitumia kitenzi kile, hamsemi rafiki yake peke yake. Anausema ukoo mzima.

Jalada likisema Shujaa, linampa mtu mmoja msiba wa wengi. Tena linahukumu mapema. Okonkwo anajinyonga, na mila inawakataza ndugu zake kumzika. Ni shujaa au siye? Achebe alituachia swali. Jina la Kiswahili limeshajibu kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza.

Wapo watakaosema jina la mtu ndilo linalouza na kukaa kichwani mwa mwanafunzi. Mbona Abdilatif Abdalla alipotafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah aliiita Wema Hawajazaliwa, akabaki karibu na jina la mwandishi, na wasomaji tukamwelewa?

Mimi ningeandika Mambo Yanafumuka. Nasi tunaohangaika na miswada yetu, tuliosomea vitabu vya Kiingereza na kuota kwa Kiswahili, tukikutana na "give up" au "break down" tusikimbilie neno la kwanza kwenye kamusi. Tuulize kwanza ni nini hasa kinatokea, na kinatokeaje. Kitenzi cha kwetu kipo, kinangoja mkia wake tu.

Anayebisha, ashike kalamu.