Kibali cha Dola 1,500: Hesabu Iliyomtupa Mwenye Begi

Katika kupandisha bei ya kuwaona gorila wa Rwanda, nia ilikuwa njema, ufundi ulikuwa mbovu. Nalisema mapema nisionekane nazunguka.

Mnakumbuka Mei 2017. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) ikatangaza kibali cha kuwaona gorila kimepanda kutoka dola 750 hadi 1,500, na bei inaanza papo hapo. Waliokwisha kulipa walisalimika. Wengine shauri yao. Hakuna ngazi, hakuna msimu wa mpito.

Sasa tazama punguzo lilivyopangwa. Aliyekuja Kigali kwa mkutano akaongeza siku za kwenda kuona gorila: asilimia 15. Atakayekaa hifadhi za Nyungwe na Akagera siku tatu au zaidi: asilimia 30. La pili lingeweza kumfaa mwenye begi mgongoni, sivyo? Piga hesabu. Akagera huingii bila gari. Hakuna motari, yaani dereva wa pikipiki, wa kukupitisha kwenye simba. Kwa hiyo akodi gari, alipie viingilio na malazi, kisha gorila wamgharimu 1,050. Baada ya jasho lote hilo, bado ni dola 300 juu ya bei ya jana! Mwenye suti alipunguziwa kwa kuhudhuria mkutano, mwenye begi alipewa mtihani.

Kibali cha gorila wa Bwindi, Uganda, wakati huo kilikuwa dola 600. Msafiri akapanda basi kituo cha Nyabugogo, Kigali, akapita Musanze, mji wa gorila wa Rwanda, bila kushuka, akavuka mpaka wa Cyanika. Wa kulia ni mwenye gesti, motari wa Kinigi na muuza brosheti.

Gawio la vijiji katika mapato ya hifadhi kupanda kutoka asilimia 5 hadi 10: sawa kabisa.

Kuhusu kwenda polepole, nitarudia wimbo wangu: mtafiti wa gorila Dian Fossey, ambaye watalii hakuwataka, ndiye anayeimbwa, lakini Amy Vedder na Bill Weber, walioanzisha utalii huu mwaka 1979 wakati kipande cha Hifadhi ya Volkano kilikuwa kinanyemelewa kiwe malisho ya ng'ombe, hawatajwi. Wao walikwenda hatua kwa hatua: kuzoesha familia za gorila, wageni wachache, muda mfupi. Gorila wa milima ya Virunga walikuwa 480 mwaka 2010. Sensa ya 2015 na 2016 ikahesabu 604. Ongezeko hilo lilipatikana kabla ya bei mpya, kwa hiyo tusiambiwe bei ndiyo iliyowaokoa.

Bei ingepandishwa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na nafasi chache za masika ziachwe kwa bei ya zamani. Na Nyungwe, msitu wa sokwe mtu na mbega wanaotembea kwa mamia, iuzwe kwa jina lake. Haikustahili kufanywa kuponi ya gorila.